Herufi ya Matumbo Mawili

Wiki jana tulimwacha Nyathira amepiga magoti kwa simiti ya Nyumba ya Panya, roho mkononi, na kwa mkono ule mwingine ameshika mnyama.

Mgongo wa huyo mnyama umebambuka kama kiazi cha kuchemsha. Chini ya magamba, nyekundu. Na kwa keji yake daktari mwenyewe ameandika na chaki: B.

B, ndugu yangu. Si P.

Kama ulikosa gazeti, ama mtu alifungia nyama nalo kabla hujasoma, shika haya tukimbie. Kampuni ya majani chai huku upande wa Roret iko na nyumba ya mabati nyuma ya kiwanda. Ndani wanafugwa wale panya wanene hawana mkia. Kwa kitabu wanaitwa gini pigi, wafanyakazi wanasema gini basi. Kazi yao ni kupakwa mafuta ya mikono kabla wachuma chai hawajapakwa, ndio ijulikane kama yanaleta aleji ya ngozi.

Gini kumi walipakwa mafuta mapya, yanaitwa Laini, kopo ya kijani, harufu ya machungwa. Hao ni B. Kumi wengine wakapakwa mafuta ya zamani ya kampuni, yale yananuka kama mshumaa. Hao ni P.

Nyathira ndiye karani aliyeandika matokeo. Na kwa daftari yake, na ule mwandiko wake mzuri wa kulala, waliotoka wekundu ni P. Mafuta ya zamani ni mabaya, mapya ni salama. Akatia sahihi chini ya sahihi ya daktari. Mafuta ya zamani yakakusanywa mashamba yote, yakamwagwa kwa shimo.

Sasa huyu wa B, mwekundu hivi, ametoka wapi?

Mlango ukalia. Akaingia mzee Bethwel, mlinzi na mlishaji wa gini tangu nyumba ijengwe, na gambuti zake na ndoo ya maji. Yeye ndiye alificha hawa gini wanne nyuma ya magunia wakati wenzao walichomwa baada ya jaribio kuisha. Alisema hawezi kuchoma mtu amemlisha na mkono.

Nyathira hakumsalimia hata. Alinyoosha kidole kwa chaki.

"Mzee, hii ni herufi gani?"

"Hiyo ni Pii."

Akavuta keji ya pili, ile ya gini wawili wenye migongo safi. "Na hii?"

Mzee akainama, akaangalia vizuri, maana alikuwa mtu wa kazi safi. "Hiyo ni Pii."

"Zote ni Pii?"

"Aa. Moja ni Pii, na ile ingine ni Pii." Akaona uso wa karani umebadilika, akaweka ndoo chini, akachora hewani na kidole. "Hii ni ile ya matumbo mawili. Hii ni ile ya tumbo moja. Kwani nyinyi shuleni walikufunza aje?"

Nyathira akakaa chini kabisa.

Siku ya kusoma migongo ikamrudia yote. Daktari Obonyo alikuwa na sheria yake: anayesoma asijue ni mafuta gani, asije akaona kile anataka kuona. Kwa hivyo mzee ndiye aligeuza gini, akaita namba. Sifuri ni ngozi safi. Moja ni wekundu kidogo. Mbili ni wekundu umejaa. Tatu ni wekundu na kufura. Yeye Nyathira alikaa kwa dirisha, mgongo kwa keji, akiandika.

Mzee akasema, "Naanza na Pii." Akaita mbili, tatu, mbili, mbili, tatu, mpaka kumi wakaisha. Halafu akasema, "Sasa upande ule mwingine." Akaita sifuri, sifuri, sifuri.

Pii ni Pii; ulimi wa Kikipsigis wa mzee hautenganishi B na P. Nyathira akaandika safu ya P. Upande ule mwingine akaandika safu ya B. Na hiyo siku alicheka, si ati hakusikia. Alisikia, akacheka, akaenda kuigiza mzee kule kantini mpaka watu wakamwaga chai. Alicheka mahali pa kuuliza.

Akamwambia mzee yote, pole pole. Mzee akasikiza mpaka mwisho.

"Na wewe," akasema, "jina la hii mafuta unaitaga Raini. Mimi nilikucheka?"

Hakumcheka. Hiyo ndiyo ilimuuma zaidi.

Saa saba ilikuwa imepita. Saa kumi, kule kwa banda la kupimia majani, kopo kubwa za Laini zinagawiwa wachumaji wote. Wiki mbili zilizopita walipewa kopo ndogo za kujaribu, na hakuna mtu aliumia. Leo ni mara ya pili.

Na kwa hiyo laini ya kungoja kopo kutakuwa na Mama Sally, mama mkwe wake.

Huyu Mama Sally wacha nikwambie kidogo. Nyathira ni msichana wa Zacheus, yule Mkikuyu mwenye duka Sotik. Alipopendana na Kiptanui, dereva wa trekta ya kampuni, watu wa pande zote mbili walinuna. Mama Sally ndiye alisema huyu ni msichana wangu, anayetaka kununa anunie kwake. Mjane, miaka ishirini na mbili kwa majani chai, vidole vyeusi kwa utomvu. Hiyo mikono ilisomesha Kiptanui. Hiyo mikono ndiyo inalea Kibet, mtoto wa Nyathira wa miezi tisa, jioni mama yake akichelewa. Kitu chochote kizuri kikiingia hiyo nyumba, avokado imeiva, maziwa ya kwanza, lazima kiguse Kibet kwanza.

"Mzee, kaa hapa," Nyathira akasema. "Usiende mahali."

Akakimbia ofisi kupiga simu.

Simu ya kampuni unazungusha mkono, unangoja mama wa switchi, unasema shida yako mbele ya makarani wote wanajifanya wanaandika. Daktari Obonyo akapatikana Kericho. Nyathira akamweleza na sauti ya chini.

Daktari hakumkaripia. Alisema tu meneja hawezi kusimamisha kitu kwa maneno ya mdomo, kwa sababu ripoti iko na sahihi mbili na zote zinasema Laini ni salama. Lakini kama hao gini wako, na chaki iko kwa keji na mwandiko wake, basi huo ni ushahidi. Afunge mlango, mtu asiguse kitu. Atamtuma mtu na kamera.

Nyathira akarudi mbio, gauni ameshika na mkono.

Mzee Bethwel alikuwa amekaa mahali aliachwa. Na sakafu ilikuwa imeng'aa. Na keji zilikuwa zimeng'aa. Maji yalikuwa bado yanadondoka kwa waya.

"Ni Alhamisi," mzee akasema. "Alhamisi naosha."

Chaki hakuna. Gini wote wanne alikuwa amewaweka kwa keji moja ndio wasishikwe na baridi ya maji. Walikuwa wanakula majani, wanne, wamebanana kama ndugu.

"Uliniambia nikae," mzee akasema, sauti ikapungua. "Sikuenda mahali."

Sasa fikiria. Migongo miwili imebambuka, miwili ni safi. Lakini ya nani ni ya nani? Nyathira akisema ni B, meneja atasema daftari yako inasema ni P. Gini haongei.

Akarudi kwa simu mara ya pili. Makarani hata kalamu waliweka chini.

Daktari akafikiria, halafu akasema jambo ambalo Nyathira hakuwahi kulisikia likisemwa hivyo. Chaki imefutika, ngozi haifutiki. Paka gini wote wanne Laini, kwa ule upande mwingine wa mgongo ulio safi. Wale wawili waliokuwa wanapakwa Laini, ngozi zao zinaijua. Zitawaka. Wale wengine hawajawahi kuiona, watabaki safi. Ngozi yenyewe itaandika ile herufi upya.

"Itachukua muda gani, daktari?"

"Kesho asubuhi utaona. Kesho kutwa ndio uhakika."

"Na kopo zinagawiwa saa kumi leo."

"Mimi siwezi kusimamisha trekta na simu, Nyathira. Niletee migongo."

Akapaka gini, mikono yake ikiwa ndani ya mifuko ya plastiki. Mzee aliwanyoa kwanza, akawashika mmoja mmoja, akiwaambia pole kwa Kikipsigis. Halafu Nyathira akashika njia ya shambani.

Alifika banda la kupimia wanawake wakiwa wamemaliza kupima. Vikapu chini, aprani za plastiki bado zina matone ya mvua ya saa nane. Trekta imesimama, na juu ya trekta bwanake, Kiptanui, anashusha maboksi ya kopo za kijani, na za kwanza zimeshaanza kugawiwa. Alimwona bibi yake akamwinulia mkono, akafurahi. Hajui kitu.

Nyapara ni mtu anaitwa Kepher. Si mtu mbaya, Kepher. Ni mtu wa rejista. Kitu kikiwa kwa rejista ni kweli, kikiwa nje ya rejista ni upepo.

Nyathira akamvuta kando akamweleza. Kepher akasikiza akiwa ameangalia saa. Akauliza kama kuna barua. Hakuna. Akauliza kama daktari anakuja. Kesho, labda. Akanyoosha kidole kwa nguzo ya banda, mahali ripoti imebandikwa na misumari minne. Jina la daktari, na chini yake jina la Nyathira.

Halafu akafanya kitu ambacho Nyathira aliomba asifanye. Aliwageukia wanawake akawauliza kwa sauti: wiki mbili zilizopita walipewa kopo ndogo, nani aliumia? Ainue mkono.

Hakuna mkono.

Hapo ndipo Nyathira alijaribu kueleza, na hapo ndipo mambo yaliharibika. Alisema mara ya kwanza ngozi haisemi kitu. Inanyamaza, inakariri. Ni mara ya pili ndio inakumbuka, na ikikumbuka inakasirika.

"Ngozi yangu inakariri?" mama mmoja akauliza. "Basi ingenifanyia mtihani wa darasa la saba, nilianguka."

Wakacheka mpaka wakashikana.

Akajaribu na ng'ombe. Ng'ombe mgeni, ukimkamua vibaya siku ya kwanza, anasimama tu anakuangalia. Siku ya pili anakuona getini, anarusha teke hata hujamgusa. Hiyo ndiyo aleji. Kicheko kikapungua kidogo, maana ng'ombe wanamjua. Mama wawili wakaangalia kopo zao. Kidogo, ndugu yangu, kidogo tu, angewashika.

Kisha Kepher akasema lile neno.

"Wiki mbili zimepita ulisema mafuta ya zamani ni mabaya, tukamwaga. Leo mapya ni mabaya. Hawa wamama wakikosa yote mawili watanunua wapi?" Akangoja. "Si baba yako anauza mafuta Sotik?"

Vichwa vyote vikamgeukia Nyathira.

Ni kweli Zacheus anauza mafuta. Duka lake liko na chumvi, mabati, misumari, na rafu nzima ya mafuta ya kujipaka. Kila kitu Nyathira angesema sasa kilikuwa kimeshakuwa bei ya duka. Zile nyuso zilimbadilikia mmoja baada ya mwingine. Mtu wa nyuma akasema kitu kwa Kikipsigis ambacho yeye alikielewa vizuri, miaka mitatu ameolewa huku, na sitakiandika hapa.

Kiptanui akaruka kutoka kwa trekta. Alikuwa anakuja kwa Kepher na ngumi imekunjwa, na hiyo ngumi ingemkosesha kazi hiyo dakika.

Lakini mama yake alikuwa mbele yake.

Mama Sally alitoka kwa laini pole pole. Hakumwangalia Kepher, hakumwangalia mtoto wake. Alienda mpaka kwa ile nguzo, akaweka kidole kwa ripoti. Hajui kusoma, lakini hiyo sehemu anaijua. Kila asubuhi kabla ya kuingia shambani anapitisha kidole kwa hilo jina, watu wamemwona.

"Hii ni jina ya nani?" akauliza.

Akawageukia wanawake, akajijibu mwenyewe.

"Ni ya msichana wangu. Amekaa na hizo panya miezi mbili, amerudi nyumbani ananuka panya. Ameandika hii kitu ni nzuri. Leo amechoka, ameogopa. Mtu wa kazi kubwa huogopa. Lakini mimi sitaki mtu amwite mwizi wa kuuzia babake."

"Mama," Nyathira akasema. "Nilikosea. Hiyo karatasi nilikosea."

"Hukukosea."

Alikuwa ameshafungua kopo.

Msomaji, wewe ungefanya nini? Mkaza mwana anaruka kushika mkono wa mama mkwe mbele ya wanawake mia moja, anampokonya, wanavutana kama watoto? Nyathira aliinua mkono. Mkono ulifika katikati ukakwama hapo. Mama Sally alikuwa anamwangalia usoni, akitabasamu, anamtetea. Alichota mafuta na vidole viwili, akapaka viganja, akapaka kati ya vidole, akapaka mpaka juu kwa viwiko, bila haraka, wote waone.

Harufu ya machungwa ikajaa banda.

Kepher naye, kuonyesha ni mwanaume, akachota ya kwake akajipaka. Halafu wanawake wote wakapaka. Halafu rejista ikapita, vidole gumba vikatiwa wino, na kitu kikawa kweli.

Kiptanui akampita bibi yake. Alirudi kwa trekta akawasha moto. Nyathira alitembea nyumbani kwa miguu, akapitia kwanza Nyumba ya Panya. Migongo ya gini ilikuwa safi, wote wanne. Mzee akasema ni mapema. Akafika nyumbani giza linaanza.

Mama Sally alikuwa jikoni anakoroga ugali, anaimba nyimbo za kanisa. Kibet ameshaogeshwa, amelala kwa shuka, amefungwa vizuri. Nyathira akainama kumbusu. Mtoto alinukia machungwa.

Ni mikono ya shosho yake, akafikiria. Amembeba na hiyo mikono.

Wakakula. Hakutoa macho kwa mikono ya mama mkwe hata ugali ukampotelea kwa sahani. Mama Sally akaona, akainyoosha mbele ya taa, akageuza viganja huku na huku. Laini. Safi kabisa.

"Sifuri," akasema. Hiyo namba alikuwa ameisikia kwa Nyathira mwenyewe. "Andika, karani."

Kiptanui akacheka, mara ya kwanza tangu jioni. Hata Nyathira alicheka. Na kitu ndani yake kikaanza kuomba, pole pole, ati labda mzee ndiye aliwachanganya gini, labda ni kweli alikuwa amechoka, labda yeye ndiye amekosea kukosea.

Asubuhi akaondoka mapema, Kibet bado amelala amefunikwa shuka, mama mkwe bado hajatoka chumbani mwake.

Mzee Bethwel alikuwa anamngojea mlangoni. Hakutoa ile salamu yake ya chamgei, hakusema karani. Alimshika mkono akamwingiza. Alikuwa ametoa gini wote, wawili kwa kikapu huku, wawili kwa kikapu kule.

Wawili walikuwa safi.

Wawili walikuwa wamewaka. Ule upande ulionyolewa jana ulikuwa mwekundu umejaa, na mmoja amefura. Na ni wale wale, wa mgongo wa kubambuka. Ngozi ilikuwa imeandika.

Mzee hakutamka herufi. Alichovya kidole kwa maji ya ndoo, akapiga magoti kwa ile simiti yake safi, akachora mstari mmoja wa kusimama. Akachora tumbo la juu. Akachora tumbo la chini.

Wote wawili wakaiangalia mpaka ikakauka.

Daktari, kwa simu, alisema anatoka Kericho saa hiyo hiyo, na sasa meneja atasikia, hana ujanja. Nyathira akauliza swali moja: mtu ambaye ngozi yake imejua, itasahau lini? Daktari akasema inategemea. Akauliza tena. Daktari akasema, "Ikishajua, mara nyingi imejua."

Alibeba kikapu cha gini wekundu mpaka shambani. Sasa ana ushahidi. Sasa wataona.

Mstari wa wachumaji ulikuwa mfupi. Alihesabu mapengo akaacha. Waliokuja walikuwa wanachuma na vidole vya juu juu, kama mtu anachuma upupu. Kepher alikuwa ameshika rejista, shati la mikono mirefu kwa hilo jua, na chini ya shati alikuwa anajikuna na kalamu. Alimwona Nyathira. Aliona kikapu. Hakuuliza kuna nini ndani.

"Mama mkwe wako hajafika," akasema, akiangalia chini. "Ametuma mtu aseme ana homa."

Miaka ishirini na mbili, Mama Sally hajawahi kukosa asubuhi.

Nyathira hakumbuki njia. Anakumbuka tu kikapu kikimgonga kwa mguu na hao wanyama wawili wakilia ndani.

Mlango wa jikoni ulikuwa umerudishwa. Mama Sally amekaa kwa kile kiti kidogo cha kukamulia, mbele yake karai ya maji, mikono ndani ya karai, na juu ya karai ametandika leso, kama mtu anafunika chakula.

"Umerudi mapema, Mama Kibet," akasema.

"Mama, toa mikono nione."

"Iko sawa. Ni homa tu."

"Mama."

Alitoa. Kwanza mmoja, halafu mwingine. Vidole vilikuwa vimefura mpaka ile pete ya marehemu mzee wake imezama ndani ya nyama. Katikati ya vidole, malengelenge, mengine yamepasuka. Wekundu umepanda mpaka viwiko, mahali pale pale alijipaka watu wakiona. Na kando ya kiti kulikuwa na gunzi la mahindi ambalo alikuwa amejikunia.

Namba ikaja kichwani mwa Nyathira bila kuitwa. Tatu. Hakuna nne.

"Usiwaambie," Mama Sally akasema. "Nikitoka hivi wataangalia mikono, halafu wataangalia jina yako kwa nguzo. Wacha wakae na ile homa."

Nyathira aliweka kikapu chini. Alikuwa amebeba ushahidi maili mbili, na mtu wa kwanza wa kumwonyesha hakuwa na haja nao. Alitaka kusema pole. Hilo neno lilikuwa dogo, akaliacha. Akauliza inauma wapi sana. Mama Sally akasema haiumi, inawasha, na ni afadhali ingeuma.

"Hizi zitachuma lini tena?" akauliza, akiinua vidole kidogo. Aliuliza kama mtu anauliza mvua.

Nyathira alijua jibu. Alikuwa amelisikia kwa simu asubuhi hiyo. Akaongeza maji kwa karai.

Chumbani Kibet akaanza kulia.

Hakikuwa kilio cha njaa. Kilikuwa cha juu, kinakatika, kinaanza tena. Mama Sally akasema amelia hivyo tangu mama yake atoke, labda ni meno. Nyathira akasimama kwenda kumchukua.

"Mama Kibet. Ngoja kwanza."

Akasimama.

Mama Sally hakuwa anamwangalia. Alikuwa anaangalia maji.

"Ile kopo ndogo ya kwanza, ile ya wiki mbili, nilimpaka kidogo. Mashavu ilikuwa imekauka na baridi. Haikumfanya kitu. Ilimfanya mzuri."

"Na jana, mama?"

Mtoto akalia. Kwa kikapu wale wanyama wakalia pamoja naye.

"Mama. Na jana?"

Mama Sally alirudisha mikono ndani ya karai, mmoja halafu mwingine, akavuta leso na meno akaifunika.